Aliyepatwa na kiharusi Lamu: maneno yapimwe kwa Kiamu, lahaja ya huko, au kwa Kiswahili sanifu?

Mkomani: Mzee wa Amu (Lamu) aliyepotewa na maneno kwa kiharusi, akionyeshwa picha ya jicho akajibu "ito", yaani jicho kwa Kiamu, fomu ya kupimia ya sanifu inamnyima alama. Ilhali kupima kunahitaji usahihi, kwa sababu kiharusi huchagua: chaweza kuharibu aina moja ya maneno na kuacha nyingine. Watafiti Hillis na Caramazza walieleza mwaka 1991 wagonjwa wawili: mmoja vitenzi vilimshinda kuvitamka, mwengine kuviandika, na nomino ziliwasalia.

Barani, Malindi: Kila mtaa utataka fomu yake basi. Tatizo kubwa ni namna ya kudokeza. Mgonjwa akikwama kwenye "anapika", mpimaji humpa sauti ya kwanza: "a…". Hicho ni kiambishi cha nafsi, hakimfikishi popote. Mpe "anapi…". Nomino vilevile: "m" ya mtungi ndiyo ya mnazi. Na wazee wa huko Lamu sanifu hawaijui, ndiyo shida.

Langoni: Hawaijui? Tenzi zinazosomeshwa vyuo vikuu zimetungwa kwa Kiamu! Chukua "ndoo". Mgonjwa anamwita mwanawe, "Ndoo!", yaani njoo. Mpimaji wa bara anaandika nomino, ndoo ya maji. Mwenye kitenzi ameandikwa hana.

Barani, Malindi: Wazee sikuwatukana. Na "njoo" si ushahidi wa vitenzi. Ni neno la mazoea, kama salamu, kuhesabu moja hadi kumi, au Alhamdu. Hayo husalia hata sentensi zikipotea. Mgonjwa maarufu wa daktari Broca, Paris 1861, alibaki na silabi "tan", na akikasirika kiapo kilimtoka.

Langoni: "Hawaijui" umeiandika wewe, iko hapo juu.

Mkomani: Kwa vitenzi vya amri kama "njoo", Barani amesema kweli. "Pika" tupu haina kiambishi awali hata kimoja, kwa hivyo haionyeshi kama sarufi imepona. Uliza "Anafanya nini?" kwa picha ya mtu anakuna nazi, anavuta jarife (wavu wa kuvulia). Nomino kumi na tano, vitenzi kumi na tano, vyote vya kila siku. Picha ya mbuzi ya nazi iondoeni: jibu "mbuzi" huwezi kujua ni kifaa au mnyama, na watafiti Warrington na Shallice walionyesha mwaka 1984 kwamba mtu aweza kupoteza majina ya viumbe hai akabakiwa na ya vifaa.

Barani, Malindi: Mbuzi itoke, nakubali.

Langoni: Na safu ya majibu iwe na mawili: jicho/ito, njia/ndia, jiwe/iwe. Ile kauli ya wazee bado hujaifuta.