YULE MUUZA PRINTA WA KIGOMA MJINI KANITUMA NIKANUNUE PENSELI ZA RANGI!!!

Mama Wawili wa Mwanga
Wakuu, salamu baadaye. Mkono unatetemeka hapa.

Wote mnamjua, wa Kigoma mjini msijifanye wageni. Yule wa duka la simu na kompyuta, anayevaa miwani ya jua humo humo ndani, feni imemgeukia yeye peke yake, mteja unavuja jasho upande wa pili wa kaunta. Simtaji. Nikimtaja nitakuwa nimempa tangazo la bure.

Leo kaniambia mimi, mama mtu mzima, mbele ya kadamnasi: "Mama, kama wino unakushinda, mnunulie mtoto penseli za rangi."

PENSELI. ZA. RANGI.

Duka zima likaangua kicheko. Bodaboda aliyefuata chaja akacheka. Dada wa chapati aliyekuja kudai hela yake akacheka, na hela yenyewe hakupewa. Kuna mzee alikuwa anasinzia kwenye kiti cha plastiki, akaamka, akauliza kuna nini, akasimuliwa, akacheka kuliko wote.

Chanzo ni hiki. Nilimwambia wazi siku ya kununua: nataka printa ya rangi ya nyumbani, isiwe ghali, mtoto ana kazi za shule za picha, na mimi nachapa lebo za chupa zangu za mawese. Akashusha kaboksi kadogo juu ya rafu, "mama hii ndiyo saizi yako." Hakusema kwamba katriji, vile vikasha vya wino, zinazokuja na printa za namna ile mara nyingi zina wino wa kuonjesha tu. Hakusema rangi moja ikiisha inaweza kugoma kuchapa hata nyeusi. Mtoto akachapa mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Mdomo ukatoka vizuri, tumbo likapauka, utumbo mwembamba unauona ukiinamisha karatasi, utumbo mpana haupo kabisa. Mwalimu kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Chakula kinaishia wapi?"

Nikaenda nayo hiyo karatasi dukani. Kwa adabu kabisa, shikamoo za wazee nimetoa, nikauliza wino bei gani. Akataja. Katriji nyeusi na ya rangi ukijumlisha, ongeza hela ya soda unabeba printa nyingine nzima! Nikasema mdogo wangu, mbona hivyo? Ndipo akashusha miwani. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Mama, kama wino unakushinda..."

Na penseli zenyewe hauzi! Angekuwa anauza ningesema sawa, ni biashara.

Nimefika nyumbani nimemsimulia baba watoto. Kimya. Namwangalia, mabega yanacheza. Leo mgebuka naula peke yangu.

Nataka mtu aniambie printa gani ya rangi mtu wa kawaida anaweza kukaa nayo bila kuuza shamba. Na nataka mtu mwingine aende akamvue ile miwani.

Mgebuka Mkavu
Nimefika kwenye mzee wa kiti cha plastiki nikashindwa kuendelea. Uzi bila picha ya huo utumbo ni batili.

Reli ya Kati
Pole dada. Huyo huyo nilimpelekea laptop yangu, akaigeuza mara mbili akaniambia niipeleke Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone, wataipokea bila hata kuomba risiti.

Mama Wawili wa Mwanga
Wewe angalau kakupeleka makumbusho, kuna heshima yake. Mimi PENSELI.

Mha Halisi
Swali la kizushi: mtoto ana penseli za rangi?

Mama Wawili wa Mwanga
Anazo. Na wewe usinizoee.

Fundi Gungu
Mama pole sana. Jamaa ana mdomo, hilo tuliache. Printa ya katriji ukiona bei yake iko chini hivyo, ujue hela yao wanairudisha kwenye wino. Kama mnachapa mara kwa mara, tafuta ya matenki, unajaza mwenyewe kwa chupa. Epson L3250, au L3210 kama huhitaji Wi-Fi, zote zinatumia chupa za namba 103, rangi nne. Wenyewe Epson wanataja kurasa mpaka 4,500 za nyeusi na 7,500 za rangi, ila hizo ni kurasa za majaribio zenye wino wa kiasi. Ukijaza ukurasa mzima picha ya harusi, sahau hiyo hesabu. Canon wana PIXMA za G, HP wana Smart Tank, mtindo ni huo huo. Kununua inauma, baada ya hapo unapumua. Printa ya laser ya rangi achana nayo, tona, yaani wino wake wa unga, ni nne na kila moja ina bei yake.

Halafu msiache printa ya wino ikae muda mrefu bila kuchapa, vitundu vya kichwa kinachomwaga wino vinaziba. Chapa hata ukurasa mmoja wa rangi kwa wiki. Na msizime ukutani! Zima kwa kitufe chake, kichwa kirudi kwenye mfuniko wake. Umeme ukikatika katikati ya karatasi, ukirudi iwashe, iache itulie, uizime vizuri. Vichwa vingi ninavyoletewa vimekauka kwa sababu hiyo tu.

Mama Wawili wa Mwanga
Fundi ubarikiwe. Haya ndiyo maneno alitakiwa aniambie YEYE siku ile. Dakika mbili tu. Badala yake kashusha miwani.

Mha Halisi
Fundi unajua mpaka namba za chupa. Wewe si ndiye mwenye duka? Vua miwani tukuone.

Fundi Gungu
Sina duka, nina bisibisi. Na nusu ya ninazotengeneza zimetoka kwake.

Shemeji wa Kasulu
Nyie mna bahati mnauziwa printa. Huku kwetu kuna steshenari, nayo mnaijua, ukurasa wa rangi elfu moja na unatoka na mistari kuanzia juu mpaka chini. Nikamwonyesha. Akaniambia mistari ni alama ya usalama, isighushiwe.

Mgebuka Mkavu
ALAMA YA USALAMA 😂😂😂 Huyo apewe mkataba wa noti.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Mimi wangu kanichapia kadi za harusi. Nilichagua maruni, zimetoka rangi ya matope ya Malagarasi. Nikalalamika, akasema simu yangu ndiyo mbovu.

Fundi Gungu
Hapo kidogo ana pointi. Kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani, bluu. Printa inachanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, kwa hiyo kuna rangi unaziona kwenye kioo ambazo karatasini hazifiki. Dawa ni kuchapa moja kwanza, uione, ndipo uruhusu zingine.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Fundi, zimeshasambazwa.

Reli ya Kati
Ngoja kwanza. Kadi ya rangi ya matope? Nimeletewa moja ofisini juzi, ya mtu nisiyemjua hata kwa sura, imeandikwa kiwango cha mchango kabisa!

Bibi Harusi Mtarajiwa
Ndiyo yangu hiyo. Mhazini anasema hujalipa.

Mama Wawili wa Mwanga
Jamani uzi ni wa PENSELI! Kwani hakuna anayeona uzito wa hili jambo? Mbele ya dada wa chapati!

Shemeji wa Kasulu
Dada wa chapati alilipwa?

Mama Wawili wa Mwanga
Hakulipwa.

Shemeji wa Kasulu
Basi mwenye kesi ni yeye.

Nazi Kavu
Wakuu samahani natoka nje ya mada, kesho boti za Kibirizi kwenda Mwamgongo zinaondoka saa ngapi?

Reli ya Kati
Ukiambiwa saa sita, weka saa nane. Na usipande ya yule mwenye kofia ya kijani. Kila mtu anamjua. Aliniweka juani mpaka nikababuka shingo, mbuzi wa abiria mwingine kamkalisha kivulini chini ya turubai. Nikauliza kwa nini, ananijibu "mbuzi kalipiwa nauli kamili, wewe umeomba kupunguziwa."

Mha Halisi
Mbuzi alikuwa na tiketi?

Bibi Harusi Mtarajiwa
Kwa hiyo nauli ulipunguziwa, mchango hutoi. Mhazini anasoma hapa.

Nazi Kavu
Mwenye kofia ya kijani ndiye aliyenipotezea dumu la mawese mwaka jana! Kumbe bado anaendesha? Nafungua uzi wake sasa hivi, njooni wote.

Mgebuka Mkavu
Tuko njiani. Weka na picha ya mbuzi.