Nimelipia plagini ya kanuni kwa hela halali, mazabodi imeungua, sasa kampuni inanitaka niwashe mashine iliyokufa

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi. Huwa sifungui nyuzi, nasoma za wenzangu napita. Leo nimeshindwa kunyamaza. Nina hasira ya siku kumi na moja, na hapa ninapoandika niko studio, Ngamiani, Tanga, mbele ya skrini yenye maandishi mekundu yanayoniambia nafasi zangu za leseni, yaani idadi ya kompyuta ninazoruhusiwa kuiwekea plagini, zimekwisha.

Narekodi taarabu asilia na kaswida. Mwenye kuijua kazi hii anajua kwamba kanuni, ile ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, ndiyo inayoubeba wimbo wa zamani. Huu mwaka wa pili natafuta mpiga kanuni wa kukodi kwa siku hapa mjini, sijapata. Zanzibar wapo. Kundi la taarabu la Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy wanafundisha ala hizi tangu 2002. Lakini kumvusha mtu bahari, kumlaza na kumlipa, bajeti ya mteja wangu haifiki huko. Nikanunua plagini, programu inayopiga sauti ya kanuni ndani ya kompyuta. Dola 199, zaidi ya laki tano za kwetu, kwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye simu. Sampo zake, yaani sauti za kanuni halisi zilizorekodiwa, GB 38. Nilizishusha kwa bando la usiku, usiku wa nne ndipo zikaisha.

Na niseme kweli: waliorekodi ala ile wanaijua kazi. Ukigusa kibodi taratibu unasikia risha inavyoukwaruza uzi. Ukichagua maqamu ya rasti, moja ya mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, noti ya tatu na ya saba zinashuka robo toni zenyewe, bila wewe kuhangaika. Ndiyo maana naumia zaidi. Ingekuwa takataka ningeifuta nikalala.

Jumanne ya wiki ile umeme ulikatika usiku, uliporudi ulirudi na nguvu ya ajabu, UPS ikalia mara moja, kompyuta kimya. Fundi akafungua, akanionyesha kapasita mbili zimevimba na sehemu ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, imekuwa nyeusi. Alhamisi nikafunga mazabodi nyingine. Diski zangu zote nzima, programu ya kurekodia inafunguka, projekti zote zipo. Nikashukuru Mungu.

Jumamosi akaja bibi mmoja kutoka Pangani. Ana miaka zaidi ya sabini, wanawe wamechanga hela arekodi nyimbo zake nne kabla sauti haijamwacha. Kaingia chumba cha kurekodia na leso yake na chupa ya chai ya tangawizi, kavaa hedifoni, kaanza. Wimbo wa kwanza, ubeti wa pili, kanuni ikakata. Kimya kama sekunde tatu, ikarudi. Ubeti ukaendelea, ikakata tena. Bibi akavua hedifoni, akaniangalia kupitia kioo.

"Mwanangu, mbona mwenzangu ananiacha?"

Wakuu, sikuwa na jibu la kumpa yule mama. Plagini ilikuwa imejirudisha kwenye hali ya majaribio. Imeona mazabodi mpya, ikaamua hii ni kompyuta nyingine na mimi ni mgeni, ikawa inazima sauti kila baada ya nusu dakika ili niinunue. Niinunue mara ya pili!

Kabla mtu hajaniambia "umejaribu hiki", nimejaribu. Saa ya mazabodi mpya ilikuwa inasoma 2019, na mashine yenye tarehe mbovu seva nyingi zinaikatalia kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kufanya kazi. Nikarekebisha. Diski ya nje yenye sampo ilikuwa E, baada ya matengenezo ikawa D, plagini ikasema haioni sampo. Nikarudisha herufi ya zamani, ikaziona. Nikahakikisha faili la plagini lipo C:\Program Files\Common Files\VST3, nikaskani upya plagini zote. Nikafungua programu ya leseni kama msimamizi wa kompyuta, nikazima ukuta wa usalama wa Windows kwa dakika tano, nikawasha. Jibu lile lile: nafasi 2 kati ya 2 zimetumika.

Mbili zipi? Nina kompyuta moja. Nimekuja kugundua kwamba mwaka jana nilipoweka Windows upya, kwenye mashine ile ile, meza ile ile, waliihesabu kuwa kompyuta ya pili. Hakuna aliyenitumia hata barua pepe kunijulisha.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Siku tatu kimya. Ya nne likaja jibu, nilipolisoma nilisimama kwenye kiti: niongeze bafa ya kadi ya sauti. Bafa! Bafa ni akiba ndogo ya sauti inayoandaliwa kabla ya kuchezwa, inahusika pale sauti inapokwaruza kwa sababu prosesa imechelewa kuijaza. Sauti ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde, bafa ya vipimo 512 ni kama milisekunde 11.6, ukipandisha hadi 2048 inafika 46 na mpigaji anaanza kusikia vidole vyake vikichelewa. Hayo na leseni vinakutana wapi? Mtu hakusoma hata mstari mmoja wa nilichoandika. Kaona neno "sauti inakata", kabandika jibu lililokuwa tayari, kaendelea na mwingine.

Nikaandika tena, nikaambatanisha picha ya skrini, risiti ya ununuzi na picha ya mazabodi iliyoungua. Jibu la pili: "Tafadhali zima leseni kwanza kwenye kompyuta ya zamani." Niiwashe vipi? Nimewatumia picha ya maiti, wananiambia nikaizungumzishe! Nikawaeleza kwa mara ya tatu. Wakasema kufungua nafasi upya kunaruhusiwa mara moja kwa miezi 12, na kwenye akaunti yangu imeshatumika. Nani kaitumia? Hawajasema hadi leo.

Najua kuna watakaokuja hapa kuniambia nitumie kraki, kopi ya wizi iliyovunjwa leseni. Naomba mniache kwenye hilo. Kwanza, 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET walitoa taarifa ya programu hasidi waliyoiita LoudMiner, iliyofichwa ndani ya kraki za plagini za muziki, za Mac na za Windows, ikichimba sarafu za kidijitali kimyakimya. Na walioiunda walichagua plagini za muziki kwa sababu: sisi kompyuta zetu zina nguvu, na prosesa ikipanda hatushangai. Pili, mimi nadai haki zangu za nyimbo kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Nimeshamfuata mtu hadi dukani kwake kwa kuuza kazi yangu kwenye flashi. Siwezi kuwa mwizi asubuhi na mlalamikaji jioni. Nililipa kwa sababu naamini aliyekaa wiki nzima akirekodi kila uzi wa kanuni kwa nguvu tofauti anastahili kula jasho lake. Na mimi je? Anayeiba plagini ile inamwimbia usiku kucha bila kukatika. Inanikatikia mimi niliyelipa.

Kwa bibi nilijaribu kuokoa siku. Nikaweka sauti ya kanuni ya bure, ya soundfont (faili la sauti za ala), nikashusha robo toni kwa mkono kwa pitch bend, gurudumu la kibodi la kupandisha na kushusha noti. Kwa wasiojua: gurudumu lile lina hatua 16,384, katikati ni 8192, na kama masafa yake ni toni moja juu na moja chini, robo toni ya kushuka ni 6144. Hapo sawa. Tatizo ni kwamba ukishusha, unashusha noti zote za chaneli ile kwa pamoja. Kanuni inapigwa kwa mikono miwili, mkono wa kushoto umeshikilia noti ya msingi huku wa kulia unacheza. Kila nikiishusha ya tatu, na ya msingi inashuka nayo. Nikagawa mikono kwenye chaneli mbili, nikachora mistari kwa kipanya, saa tatu kwa utangulizi wa dakika moja. Nikamchezea. Akasikiliza hadi mwisho kwa adabu, akasema, "Hii si ile ya mwanzo." Alisema kweli. Sikuweza kumtazama.

Ninachodai si hisani. Nataka niweze kuingia kwenye akaunti yangu na kuifuta mashine iliyokufa mwenyewe, bila kumwomba mtu. Nataka leseni ya faili: natoa namba ya mashine yangu, wananirudishia faili, naiweka hata kama studio haina intaneti. Zipo kampuni zinafanya hivyo miaka mingi, siyo teknolojia ya kubuniwa leo. Na nataka waandike kwenye ukurasa wa bei, palepale penye 199, kwamba kubadili Windows kunakula nafasi. Wameliweka ndani ya mkataba mrefu ambao nimeusoma wote juzi kwa mara ya kwanza, na hata humo halikuandikwa waziwazi.

Mwenye plagini yoyote ya namna hii, leo usiku fungua akaunti yako uangalie nafasi ngapi zimebaki. Na kila wimbo unaoufanyia kazi, sauti za plagini zigeuze kuwa odio, yaani rekodi ya kawaida isiyoihitaji plagini tena, kabla hujazima mashine. Mimi nyimbo tatu za mteja mwingine zimepona kwa sababu nilikuwa nimeshazigeuza, ile ya bibi sikuwahi.

Tiketi bado iko wazi, jibu la mwisho nimelipata Ijumaa: "Tunalifanyia kazi." Bibi amerudi Pangani. Nina vokali yake ya wimbo mmoja, safi kabisa, na ngoma ya dumbaki chini yake. Wanawe wamenipa hadi mwisho wa mwezi. Kama kuna mtu humu ana kanuni ya mbao na nyuzi, au anamjua mpigaji, aje PM. Nauli ya kuja Tanga na malazi siku mbili nalipa mimi mfukoni mwangu.