Mjadala: Utumwa katika makoloni ya Ufaransa ulivunjwa na wanafalsafa au na watumwa wenyewe?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nikiwa kidato cha pili mwalimu wa historia aliandika majina manne ubaoni: Locke, Montesquieu, Voltaire, Rousseau. Akasema, "Hawa ndio waliowafumbua Wazungu macho. Karirini." Tukakariri, tukafanya mtihani, yakaisha. Ila kuna kitu hakijawahi kunikaa sawa, na leo nakileta tukichambue bila matusi.

Hadithi ya mwalimu ilikuwa hivi: wanafalsafa waliandika kwamba binadamu huzaliwa huru na ana akili ya kujiamulia, watu wakasoma, wafalme wakaanguka, watumwa wakafunguliwa. Hapo kwenye watumwa ndipo hesabu inaponigomea.

Nianzie nyumbani. Mwaka 1776, mwaka ule ule Wamarekani walipotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, Mfaransa mmoja aitwaye Morice alikuwa Kilwa akiandikishana na Sultani: watumwa 1,000 kila mwaka, piasta (sarafu ya fedha ya enzi hizo) 20 kwa kichwa, na piasta 2 juu yake kwa kila mmoja, chai ya Sultani. Muda wa makubaliano, miaka 100. Watumwa wa biashara hiyo walipelekwa Île de France, ndiyo Morisi ya leo. Kitabu cha Rousseau kuhusu mkataba wa jamii kilikuwa kimeshatimiza miaka 14. Paris walikuwa na mkataba wao, Kilwa na wao.

Sasa twende 1794. Tarehe 4 Februari bunge la mapinduzi lilifuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Sheria moja, maneno yale yale. Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, sheria ilikuta kazi imeshafanyika. Kulikuwa na watumwa karibu nusu milioni, na walianza kuchoma mashamba ya miwa Agosti 1791. Mjumbe wa serikali, Sonthonax, alishatangaza uhuru upande wa kaskazini Agosti 1793, miezi mitano kabla ya Paris. Hakuwa na ujanja: Waingereza na Wahispania walikuwa wanamzunguka, na wa kumwokoa walikuwa hao hao waliokuwa watumwa jana.

Île de France je? Sheria ililetwa na wajumbe wawili, Baco na Burnel, mwaka 1796. Walowezi wakawarudisha melini na kuwafukuza. Basi. Watu waliotoka pwani yetu, na watoto wao, walibaki watumwa hadi 1835, na waliowafungua ni Waingereza, ambao kisiwa kilikuwa kimeshaangukia mikononi mwao. Fidia ililipwa pia, ila kwa mabwana.

Kama fikra ndiyo iliyofanya kazi, mbona ilifanya kisiwa kimoja ikagoma kingine? Karibuni.

Fundi Saa

Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Na mimi nichague wangu.

Toulouse, Oktoba 1761. Mfanyabiashara wa vitambaa, Jean Calas, Mprotestanti wa miaka 63, anamkuta mwanawe amekufa ndani ya nyumba. Watu wanajaa mlangoni, mmoja anapiga kelele kwamba baba ndiye aliyeua, eti kijana alitaka kuwa Mkatoliki. Ushahidi hakuna. Kelele ile ikageuka kesi. Machi 1762 wakamfunga kwenye gurudumu, wakamvunja mikono na miguu kwa nondo, naye mpaka mwisho anasema hana hatia.

Mzee Calas alikuwa na jeshi? Alikuwa na Voltaire, mzee mwenzake mwenye kalamu, aliyewaandikia mawaziri, mawakili na watawala wa nje mpaka wakachoka. Machi 1765 hukumu ikafutwa na mfalme akaipa familia livre 36,000, pesa ya Ufaransa ya wakati huo. Kati ya hapo, mwaka 1764, kijana wa Milano wa miaka 26, Beccaria, akatoa kitabu kidogo akiuliza swali ambalo mahakimu wengi hawakuwa wamejiuliza: ukimtesa mtu ili aseme kweli, unapima ukweli au unapima misuli? Jambazi mwenye mwili atavumilia aachiwe, mnyonge asiye na kosa atakiri anyongwe. Mwaka 1786 Toscana, dola ndogo ya Italia, ikafuta adhabu ya kifo. Hakuna shamba lililochomwa.

Bi Mtoni

Kaka zangu, mnagombania vitabu na bunduki, mkate mmeusahau. Tarehe 5 Oktoba 1789 wanawake wa sokoni Paris walitembea kilomita kama 20 hadi Versailles, mvua inanyesha, wanadai mkate. Tamko la Haki za Binadamu na Raia lilikuwa limepitishwa tangu Agosti, na mfalme alikuwa analikalia. Siku ile ile akalikubali. Na shukrani yao? Mwandishi Olympe de Gouges alipoandika 1791 kwamba kama mwanamke anaruhusiwa kupanda jukwaa la kunyongewa basi apande na la kuhutubia, walimpa hilo la kwanza tu. Gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, Novemba 1793.

Mleta mada

Bi Mtoni, umenikata maini.

Fundi Saa, la Calas nakubali, tena bila kinyongo. Lakini Calas alikuwa Mfaransa, na mjane wake aliweza kwenda Paris kuonana na mawakili. Ukifika kwenye rangi, akili ile ile ilikuwa inasinzia. Locke alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyouza Waafrika, na katiba ya Carolina ya 1669, ambayo alishiriki kuiandaa, inampa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1764 anasimulia jambo la busara lililosemwa na mtu mweusi, kisha anamalizia kwamba weusi wake ni ushahidi tosha kuwa alichosema ni upuuzi. Hawakuwa na wa kuwasahihisha? Karibu miaka 30 kabla, Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alikuwa anafundisha falsafa chuo kikuu cha Halle, Ujerumani.

Mwana Kilwa

Mimi natoka Kilwa Masoko, ng'ambo tu ya magofu. Naomba tusimsahau Sultani. Aliyetoa neno lake kwa Morice hakumsoma Locke, na alimpa hadi ngome atie mizinga yake. Haya si ya Wazungu peke yao.

La pili, mleta mada, wewe unasema kilichofanya kazi ni nguvu. Haya, chukua Wazanji wa Iraki, watumwa weusi waliokuwa wakiondoa udongo wa chumvi mashambani karibu na Basra. Walipigana miaka 14, kuanzia 869 hadi 883, wakaiteka Basra yenyewe. Nguvu walikuwa nayo. Utumwa waliufuta? Kiongozi wao aliwaahidi kwamba na wao watamiliki watumwa. Saint-Domingue walikuwa na kitu ambacho Basra hakikuwepo.

Fundi Saa

Mwana Kilwa, nakununulia kahawa.

Mleta mada

Hapo nimekabwa koo, sikatai. Nipeni hadi kesho.

Ila nitazameni picha moja kabla hamjalala. Ilichorwa 1797 na Girodet. Jean-Baptiste Belley, aliyezaliwa Gorée, kisiwa cha Senegali, akawa mtumwa Saint-Domingue, akajinunua, akapigana, akaingia bunge la Paris siku moja kabla ya kura ile ya Februari 1794. Kavaa sare ya mbunge. Ameegemea kichwa cha marumaru cha padri Raynal, mwandishi aliyelaani utumwa. Fundi Saa atasema bila jiwe hilo jamaa angeanguka. Mimi naona mtu aliyechoka na safari, kapata pa kuweka kiwiko, na macho yake hayapo kwa Raynal hata kidogo.

Bi Mtoni

Alipofia je, huyo Belley?

Mleta mada

Belle-Île, kisiwa cha Ufaransa, mwaka 1805, kizuizini. Napoleon alipourudisha utumwa mwaka 1802, Belley alikamatwa mwaka huo huo.