Binti yangu anataka kuwa dansa wa timu ya NBA. Nimwache au nimkalie kooni?

Mama Pendo wa Irving aliandika:

Habarini wana jamvi,

Mimi ni Mtanzania, nipo hapa Texas mwaka wa kumi na nne sasa, nahudumia wazee zamu za usiku. Binti yangu mkubwa ana miaka 21, yupo chuo mwaka wa tatu. Juzi tunakula, tena ugali uko mdomoni, akaniambia mwezi wa saba anakwenda kwenye mchujo wa madansa wa timu ya kikapu. Nikadhani timu ya chuo. Akasema hapana mama, NBA, ile ligi kubwa ya kikapu ya hapa Marekani. Kumbe darasa la maandalizi ameshalilipia.

Nisiwafiche. Nimekulia Moshi, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Kwetu ukitaja mnenguaji, watu wanaona jukwaa la bendi saa nane za usiku na walevi wanaotunza noti. Lakini huyu mtoto amecheza baleti tangu ana miaka saba na ada nililipa mimi, kwa hiyo hata wa kumkasirikia simpati.

Nauliza: wanalipwa? Masomo yatapona? Na wale wanaume warefu wenye mamilioni, mwanangu atakuwa salama katikati yao? Ajibu anayejua, siyo aliyesimuliwa.

---

Chalii wa Ngarenaro alijibu:

Shikamoo mama. Mimi ni wa kusimuliwa ila nafuatilia NBA tangu 2009, mwaka ambao Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa na timu ya Memphis akiwa wa pili kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya, kwa hiyo nivumilie.

Hao madansa si jambo jipya. Laker Girls, madansa wa timu ya Lakers ya Los Angeles, wapo tangu 1979, Jerry Buss alipoinunua Lakers. Paula Abdul alianzia pale pale kabla hajawa mwanamuziki. Kuhusu mavazi, mambo yamebadilika sana. Mwaka 2018 San Antonio Spurs walivunja kikundi chao cha wasichana watupu, wakaunda cha wanaume na wanawake pamoja. Mwaka huo huo Mavericks wa Dallas, majirani zako hapo, waliwavalisha madansa wao nguo za kujisitiri zaidi. Mengine waje wenye uzoefu.

---

Mzee wa Kanuni alijibu:

Chalii, "wasichana watupu" unamaanisha wasichana peke yao au? Andika vizuri, mama wa watu ana presha.

Mama, mtoto amalize shule kwanza. Dansi haina pensheni.

---

Bint Makorora alijibu:

Shikamoo Mama Pendo. Umesema ajibu anayejua, nami nimesita siku mbili kwa sababu kuna shangazi zangu humu ndani. Liwalo na liwe.

Mimi ni wa Tanga, Makorora, nililetwa Marekani nikiwa na miaka kumi na moja. Nilicheza misimu mitatu kwenye timu moja ya NBA, 2011 hadi 2014. Timu siitaji, niliweka saini na bado nawaogopa kidogo. Sasa nina miaka 35, nina goti moja zima na jingine la kubembeleza.

Nianze na mchujo. Mwaka wangu tulifika mamia, tukapewa namba za kubandika tumboni. Kwanza tunavuka ukumbi watatu watatu: mizunguko, mruko, mateke ya juu. Hapo nusu walirudi nyumbani kabla ya saa sita mchana. Kisha unafundishwa dansi ya dakika moja kwa muda wa nusu saa, unaicheza mbele ya meza ya majaji. Aliyesoma baleti kama Pendo hatua ya kwanza haimtishi. Kinachowaangusha watoto wa baleti ni hipihopu, miili yao inakuwa imenyooka mno. Mwambie alegeze magoti. Waliobaki tukaitwa tena: mazoezi ya wiki nzima, usaili wa kukaa kitini, wakaniuliza nitasema nini mwandishi akinifuata baada ya timu kufungwa mara kumi mfululizo. Nilisema nitamwambia tuna mechi nyingine kesho kutwa. Walicheka, nikajua nimepita.

Na ukipita umepita mwaka mmoja tu. Kiangazi kinachofuata unarudi kwenye foleni na namba tumboni kama mgeni. Wapo waliocheza misimu minne wakaachwa wa tano, wakaambiwa kwa barua pepe.

Sasa pesa, hapa Mama nisikilize vizuri. Dansa anaajiriwa na timu, siyo na ligi, na ni kibarua cha muda. Mimi nililipwa kiasi fulani kwa mechi na kiasi kidogo zaidi kwa saa ya mazoezi. Malipo ya mechi moja yalitosha bili ya umeme na petroli, basi. Msimu una mechi 82, nusu yake ndiyo nyumbani, 41, na wewe unacheza za nyumbani tu. Wote tulikuwa na kazi nyingine. Kulikuwa na mwalimu wa chekechea, wauguzi wawili, mmoja alikuwa anasomea sheria. Mimi nilikuwa natoa watu damu maabara, naingia saa kumi na moja alfajiri.

Siku ya mechi ilikuwa hivi. Natoka maabara saa saba mchana, nalala nusu saa ndani ya gari. Saa tisa na nusu niko uwanjani, nywele na kope tayari, kwa sababu tunapewa uwanja kidogo kabla wachezaji hawajaja kurusha mipira. Pale unahesabu hatua zako kwenye mbao: mimi nasimama pale mstari unapokutana na rangi, nikikosea nusu hatua nampiga teke mwenzangu. Ukumbi wetu ulikuwa na timu ya hoki pia, na barafu yao haiyeyushwi, inafunikwa tu na mbao za kikapu zinapangwa juu yake. Ubaridi unapanda kwenye nyayo hadi kiunoni, nawe umevaa kikaptura. Mechi saa moja na nusu usiku. Taimauti, mchezo unaposimamishwa kidogo, siku hizi ni sekunde 75, na ndani yake unakimbia kuingia, unacheza, unakimbia kutoka. Usiku mzima nikihesabu nilichocheza hakifiki dakika sita. Natoka saa tano usiku, saa kumi nimeamka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza Pendo siyo "watakulipa?" Muulize "watakulipa saa zipi?" Saa za kutengeneza nywele zinahesabiwa? Za kupiga picha za kalenda? Za kwenda shuleni na hospitalini kuwakilisha timu? Kope, vipodozi, uanachama wa jimu ni vya nani? Mimi nilikaa msimu mzima wa kwanza bila kupiga hesabu, nikaja kuipiga kwenye karatasi ya maabara usiku mmoja, nikaikunja nikaitupa. Mwaka 2015, mimi nimeshaacha, dansa wa zamani wa Milwaukee Bucks alikwenda mahakamani akidai kwamba ukizigawa zile pesa kwa saa zote unapata chini ya kima cha chini cha sheria. Timu ilikanusha, lakini mwisho wakapatana kwa dola 250,000. Huko kwenu Texas kima chenyewe ni kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009. Mkataba ausome neno kwa neno, na asiposoma msomee wewe.

Kuhusu wanaume warefu: kanuni ilikuwa usizoeane nao, na aliyeshikwa alikuwa ni yeye dansa anayeondoka, siyo mchezaji. Hiyo iliniuma nikiwa ndani na inaniuma mpaka leo. Ila usumbufu mimi sikuupata kwao, niliupata kwa watazamaji wa viti vya gharama waliokwisha kunywa. Tulikuwa na mlinzi wa kutusindikiza hadi kwenye magari. Aulize kama mlinzi yupo.

Hatari nyingine hakuna anayeisema: tunakaa chini pembeni ya goli, miguu imekunjwa, na jitu la mita mbili linaruka kuokoa mpira linakuja moja kwa moja usoni kwako. Tulifundishwa kutazama mpira huku tunatabasamu. Niliwahi kukanyagwa mkono, nikacheza taimauti iliyofuata na vidole vitatu.

Chalii kanikumbusha. Thabeet alipokuwa Oklahoma City walikuja kucheza kwetu. Wakati wa kupasha misuli alipita karibu yangu kabisa, kile kimo chote. Sikuwa nimeongea Kiswahili na mtu nje ya nyumba yetu miezi mingi. "Mambo kaka" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nikakumbuka kanuni, nikaimeza. Mpaka leo mama yangu hanielewi kwa hilo.

Niliumizwa pia na mambo madogo. Tulikuwa weusi watatu, na soksi ndefu tulizogawiwa zikiitwa rangi ya mwili, mwili wa nani sijui. Miguu yangu ilionekana kama ya sanamu la dukani. Nilipouliza nikaambiwa ndizo zilizopo. Nikazipika kwenye chai nyumbani. Na mizani tulipanda, mbele ya wenzetu, kila mwezi. Nasikia timu nyingi zimeacha.

Utauliza kwa nini nilirudi mara tatu. Mama, taa zinazimwa, watu elfu kumi na nane wanapiga kelele, mnasimama kwenye korido ya zege mmeshikana mikono na mwenzako anatetemeka kama wewe. Muziki ukigonga, magoti yanaacha kuuma. Sina maelezo zaidi ya hayo.

---

Mzee wa Kanuni alijibu:

Bint Makorora, nimesoma hadi mwisho nikiwa nimesimama. Naondoa nililosema kuhusu pensheni, ingawa kweli haipo.

---

Wa Kwetu Mbeya alijibu:

Dada hapo juu, ubarikiwe. Mdogo wangu yupo Ohio kwa viza ya mwanafunzi, naye ni mkali wa dansi. Anaweza kujaribu?

---

Bint Makorora alijibu:

Asithubutu kabla hajaonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Mwenye viza ya mwanafunzi akifanya kazi nje ya chuo bila kibali, hata ya kucheza dakika sita, anaweza kupoteza hadhi yake yote. Dansi haina thamani hiyo.

---

Mama Pendo wa Irving aliandika:

Marahaba mwanangu wa Makorora. Nimesoma usiku zamuni, bibi ninayemhudumia akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni vitunguu, na hakuna jiko chumba kile.

Pendo ana pasipoti ya hapa, kwa hilo sina wasiwasi. Nimemwita, nikamwambia aniletee huo mkataba wakimchukua, tutausoma wote mezani na kalamu nyekundu. La saa zipi zinalipwa nimemuuliza, hakuwa na jibu, akaandika kwenye simu. La mlinzi ameandika pia. Baba yake bado hatujamwambia, hiyo ni mada nyingine.

Sasa hizo soksi. Ulizipika kwa chai gani? Mimi ninayo ya majani kutoka nyumbani.

---

Bint Makorora alijibu:

Hiyo hiyo ya nyumbani mama, mimi nilitumia ya Usambara. Ya vifuko vya hapa ni dhaifu, utapika mpaka kesho. Chemsha ya rangi iwe nyeusi kabisa, chuja majani yasije yakaacha madoa, sukari usitie. Epua, tia siki kijiko kimoja, zamisha soksi zikiwa zimeloweshwa maji kwanza, na ugeuze geuze. Kila dakika tano toa moja uiweke kwenye mguu wa Pendo uone. Ikilowa inaonekana nyeusi kuliko itakavyokauka, kwa hiyo zidisha kidogo. Na pika jozi mbili, moja itachanika usiku wa kwanza.