Molinillo: povu la chokoleti halikai na pete zimenata, kosa liko wapi?

kikombe_cha_pili
Wakuu, salaam. Nina kile kipekecho cha mbao cha Mexico, molinillo, chenye kichwa kama boga la mifereji na pete zinazocheza shingoni. Natumia maziwa lita 1, unga wa kakao vijiko vikubwa 6, sukari na mdalasini, yote kwenye sufuria pana ya kawaida. Napekecha dakika 5 nzima, napata mapovu makubwa kama ya sabuni, yanapasuka kabla sijamimina. Jiko lote limerukiwa. Na sasa pete mbili kati ya tatu hazizunguki. Mbao mbovu, maziwa mabovu au mkono mbovu? Na je, fundi wa hapa Dar anaweza kukereza kingine?

Bi_Birika
Anza na sufuria, ndiyo inayokuangusha. Kule Mexico chokoleti hupekechwa ndani ya jarro, chungu chenye tumbo na shingo nyembamba. Kwenye sufuria pana kinywaji kinakuwa na kina cha vidole viwili tu: kichwa kinagonga chini, nusu yake iko hewani, kinarusha badala ya kuchanganya. Tafuta jagi refu la bati au la udongo ambalo kichwa kinapita mdomoni, na ulijaze nusu, usizidishe. Povu linahitaji mahali pa kupanda.

Mkono sasa. Mpini unakaa katikati ya viganja, unausugua mbele na nyuma kama anayepekecha moto. Utaona viganja vinateremka vyenyewe kadiri unavyosugua. Vikifika chini, virudishe juu haraka, usiukandamize mpini kwenye kitako cha jagi. Dakika ya kwanza kichwa kiwe karibu na chini (kisiguse), polepole, ili chokoleti iliyotuama ipande. Kisha kiinue mpaka mifereji ya juu iwe sambamba na uso wa kinywaji, uongeze kasi. Hapo ndipo hewa inapoingia. Ukibaki chini muda wote unakoroga tu. Ukikaa juu tangu mwanzo unapata hayo mapovu ya sabuni.

Dakika 2 hadi 3 zinatosha. Mapovu yakiwa madogo kiasi kwamba huyaoni moja moja, na sauti ikibadilika kutoka kuchapa maji hadi kuvuma kwa uzito, acha. Mimina papo hapo, ukigawa povu kwenye vikombe vyote kwanza.

kakao_chungu
Bi Birika kasema kweli, ila hata jagi zuri halitaokoa ule unga ulivyouweka. Wamexico wengi wanatumia chokoleti ya mezani, vipande vya duara vyenye sukari na mdalasini ndani yake. Kimoja cha gramu 90 ni cha lita 1 ya maziwa. Vingi vya viwandani vimetiwa lesithini, inayosaidia mafuta ya kakao yachanganyike na maziwa. Unga wako hauna hiyo, na ukimwagwa mkavu kwenye maziwa unafanya vidonge ambavyo hakuna kipekecho kitakachovivunja.

Kwa hiyo: vijiko 6 vya unga na sukari yako, ongeza maji ya moto kidogo kidogo, ponda mpaka upate uji mzito unaong'aa. Ndipo uongeze maziwa, uchemshe taratibu dakika 5, uchuje. Ipua kabla ya kupekecha. Ukipekecha kikiwa bado jikoni, mvuke na mchemko vinapasua povu unapolitengeneza.

Joto pia. Nyuzi 60 hadi 70 ni pazuri. Maziwa yakipoa yakawa vuguvugu, mafuta yake yanaanza kuganda nusu nusu, na chembe hizo ndizo zinazotoboa kuta za mapovu. Maziwa ya mfugaji yachemshe kwanza, utoe ule utando wa juu wote. Ukibaki unajizungusha kichwani mwa molinillo kama kitambaa.

Anayetumia kakao tupu ya kusaga isiyokamuliwa mafuta, mfano ile ya Kyela, ajue zaidi ya nusu yake ni mafuta. Iyeyushe kwenye maji kikombe kimoja kwanza, upekeche vizuri, halafu ndipo maziwa. Oaxaca, jimbo la Mexico, wapo wanaokunywa ya maji matupu bila maziwa, na povu linapanda sawasawa.

fundi_kerezo
Kuhusu mbao. Pete hazikuvishwa, zimekatwa humo humo kwenye gogo moja likizunguka mashineni. Zimenata kwa sababu mbao imevimba, bila shaka unakiloweka. Usizilazimishe, zitapasuka. Kaushe kivulini siku mbili tatu, zitalegea zenyewe. Baada ya kutumia suuza kwa maji ya moto mara moja, mifereji isuguliwe kwa brashi, kisimamishwe kichwa juu mahali penye upepo. Mara chache kipake mafuta ya nazi kidogo sana.

Kama kimepakwa vanishi au rangi inayong'aa, hicho ni pambo la watalii, usikitie kwenye kinywaji cha moto. Ile mistari myeusi isikutishe: fundi hukandamiza kipande cha mbao ngumu kwenye kazi inayozunguka mpaka itoe moshi, ndiyo alama hiyo.

Kutengeneza kingine inawezekana, kwa yeyote anayekereza miguu ya vitanda. Mpelekee sampuli. Mpini sentimita 30, unene 1.5, kichwa kipenyo 6. Mbao iwe imekauka kabisa na nyuzi zake ziende kwa urefu. Mpera unafaa. Msonobari una utomvu, mfenesi unatoa rangi ya njano, mvule vumbi lake linawasha, viache. Pete mwambie aziachie nafasi ya milimita 2 au 3, zikibana zitanata tena. Akishindwa pete, aziache. Molinillo nyingi za Colombia hazina pete na povu linapanda vizuri tu. Kwa maoni yangu pete ni nusu kazi, nusu urembo. Kazi kubwa iko kwenye mifereji ya kichwa, ikatwe kwa kina na kingo zake zisilainishwe sana na msasa.

kikombe_cha_pili
Nimewaelewa, asanteni. Kipekecho cha mlenda kingeweza kufanya kazi hii nikisubiri fundi?

Bi_Birika
Kinaweza, kile chenye meno ya msalaba. Kichwa chake chembamba kinashika hewa kidogo, kwa hiyo hesabu dakika 5 badala ya 3 na upunguze kinywaji mpaka theluthi ya jagi. Ila kiwe kipya. Kilichokwisha kupekecha mlenda kina magadi na harufu ndani ya nyuzi, na maziwa ya moto yataitoa yote.