Maghala ya Albert Dock, Liverpool: mbao ziko wapi?

FundiUashi_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwashi, kazi nimeirithi kwa marehemu baba, na huu ni mwaka wa 26 nashika mwiko. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona dada yangu Liverpool, Uingereza, akanipeleka Albert Dock, gati la zamani la meli. Nilisimama pale mpaka dada akachoka kunisubiri.

Ni maghala ya tofali yaliyozunguka maji pande zote. Upande wa maji yamebebwa na nguzo za chuma zilizopakwa rangi nyekundu, fupi na nene ajabu. Nilijaribu kuikumbatia moja, mikono haikufika hata nusu. Nikaigonga kwa funguo, ikalia kama pipa. Ndani ni tupu!

Nikaingia, nikainua macho kutafuta boriti. Hakuna. Dari ni matao mafupi ya tofali, moja baada ya jingine, yamekaa juu ya mihimili ya chuma. Mimi nimekarabati nyumba za mawe za zamani huku pwani, na boriti ya mkoko ndiyo inayoamua upana wa chumba. Sasa watu wa miaka ya 1840, wanaoshusha mbao bandarini kila siku, waliukataa mti kwa sababu gani? Anayejua anifundishe.

Timazi

Mkuu, ni moto. Maghala ya Liverpool ya kabla ya hapo yalikuwa na sakafu za mbao, na ndani yake pamba, sukari, pombe kali. Cheche moja tu, mtaa mzima umekwenda. 1842 peke yake kulikuwa na moto mkubwa sana wa maghala mjini humo.

Mhandisi wa bandari alikuwa Jesse Hartley, mtu wa Yorkshire, aliyeishika kazi hiyo kuanzia 1824 hadi alipofariki 1860. Huyu bwana hakutaka kubahatisha. Alijenga kijumba cha majaribio cha futi 18 kwa 10, akakijaza mbao na lami, akakichoma. Akajenga kwa namna nyingine, akachoma tena. Kilichosalimika ndicho ulichokiona: tofali, mawe, na chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Hata paa ni mabati mazito ya chuma yaliyopigwa riveti, ukilitazama kwa ndani ni kama tumbo la meli lililopinduliwa.

Unene wa nguzo usikushangaze. Zimesimama ukingoni kabisa mwa gati na zimebeba ghorofa zote za juu, pamoja na mzigo. Ukirudi, angalia pale nguzo zinapokatika na kuacha tao pana. Tao lile lilikuwa nafasi ya winchi, mzigo utoke melini uingie ghalani moja kwa moja bila kulala nje ukaibiwa. Kuanzia 1848 wakaweka vinyanyuzi vya kuendeshwa kwa nguvu ya maji.

Na mbao zipo, ila ulikuwa umezikanyaga. Msingi umekaa juu ya magogo yaliyoshindiliwa kwenye tope.

MamaMersey

Ndugu zangu, mimi naishi mji huu mwaka wa 19. Fundi, pole kwa baridi.

Jengo ni zuri, sikatai, lakini tuseme pia kilichokuwa ndani yake. Lilifunguliwa na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, Julai 1846. Uingereza ilikuwa imekwisha piga marufuku biashara ya watumwa tangu 1807, ila pamba ya Marekani iliyokuja Liverpool iliendelea kuchumwa na watumwa kwa miaka mingi baadaye. Pembe za ndovu nazo ziliwekwa humo. Kila nikipita chini ya nguzo zile nawaza mabega yaliyobeba pembe porini kabla hazijafika melini. Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa ilifunguliwa hapohapo 2007, na naona ndipo mahali pake hasa.

Meli za mvuke zilipokua, mlango wa gati ukawa mwembamba kwao. 1972 pakafungwa, tope likajaa. Kupona kulianza miaka ya 1980, na 1988 jumba la sanaa la Tate likafunguliwa humo.

FundiUashi_Tanga

Ahsante sana Mkuu, ahsante Mama. Hilo la magogo limeniingia, maana mti ukizama topeni moja kwa moja hauozi. Unaoza pale unapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Nguzo za jeti ya kwetu zililiwa usawa wa maji tu, chini zilikuwa nzima kabisa.

Mama, hilo la pembe sikulijua. Nilipita mlango wa makumbusho nikitazama juu tu. Dada anakwenda Jumapili, nimemwomba anipigie picha ya kuta za gati, pale mawe makubwa na madogo ya graniti yalivyobanana. Mwenye picha za karibu aziweke hapa, nataka kuona mawe yale yalivyoungana.