Nimelipia "mwenyeji wa Iringa", nimeletewa mtu asiyejua hata kuitikia kamwene, salamu ya Wahehe

Wakuu salamu. Nina hasira na hii hasira ina siku kumi na moja sasa, nimejaribu kuimeza imekataa, nimepiga simu hazipokelewi, nimetuma meseji zinasomwa hazijibiwi, kwa hiyo nakuja hapa maana najua humu wapo watu wa Iringa, Mafinga na Njombe na wapo wanaofanya kazi hizi za kutembeza wageni. Kampuni iliyoniuzia safari ya kwenda kuona ulanzi, ile pombe ya mianzi, siitaji jina kwa sasa, nawapa nafasi ya mwisho ya kurudisha pesa, wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi Mnyakyusa, mzaliwa wa Tukuyu, naishi Mbeya mjini. Dada yangu mkubwa ameolewa Ugiriki, wako Athens mwaka wa saba huu, na mwezi wa tisa mwanzoni alikuja na shemeji kwa wiki mbili. Sasa mwaka juzi dada na shemeji walienda Santorini, kile kisiwa cha volkano, wakamchukua mzee mmoja wa pale pale awatembeze wao wawili tu kwenye mashamba ya mizabibu. Dada akipiga simu alikuwa hamalizi kuelezea. Anasema mizabibu ya kule haipandishwi kwenye waya na nguzo kama unavyoona Dodoma, wanaisuka chini kabisa kwenye udongo, inazunguka kama kikapu, zabibu zinakaa humo ndani ya kikapu ili upepo wa baharini usizichape na jua lisiziunguze, na kiangazi chote mvua hakuna, kinachosaidia ni unyevu wa ukungu wa usiku. Zabibu yao kubwa inaitwa Assyrtiko. Yule mzee alipiga magoti kwenye mchanga mweusi, akafunua majani kwa mkono, akawaonyesha vile matawi ya miaka tofauti yalivyopita moja juu ya jingine, akawaambia hapa alisuka marehemu baba, hapa nimesuka mimi. Hicho ndicho kilichomkaa dada moyoni. Akaniambia mdogo wangu, na sisi kwetu si tuna mvinyo? Ulanzi si mvinyo wa mianzi? Huyu mume wangu lazima auone ulanzi unavyogemwa, na aelezwe na mtu wa huko huko.

Nikaona ni jambo jema nikasema hilo niachie mimi.

Kwetu Tukuyu ni ndizi na chai, ulanzi mimi nauona kwenye madumu nikipita na basi, sijui habari zake za shambani. Ndiyo maana nikatafuta watu wa kazi hiyo. Nikawapata hawa jamaa mtandaoni, bango zuri, "safari ya praiveti, mwongozaji mwenyeji, onja ulanzi ukitoka kwenye mwanzi". Siku mbili, watu watatu, gari, chakula cha mchana cha nyumbani, Kalenga kwenye jumba la Mkwawa, Isimila kwenye nguzo za mchanga na nusu siku nzima shamba la ulanzi. Shilingi 1,140,000 bila hoteli. Nikalipa yote kabla kwa sababu walisema advansi hawapokei.

Na kabla hamjaanza kuniambia Mnyakyusa mzima unaendaje bila kuuliza msimu, NILIULIZA. Meseji ninayo. Niliandika "mwezi wa tisa ulanzi unakuwepo?" nikajibiwa "Ulanzi upo mwaka mzima mkuu wangu, wewe leta wageni." Shikeni hiyo, nitairudia.

Tukatoka Mbeya na basi la asubuhi, Makambako tukanunua mahindi ya kuchoma, jioni tukaingia Iringa na baridi yake tukalala. Kesho yake saa mbili inakuja Noah, anashuka kijana mtanashati tu, mpole, anajitambulisha ndiye mwongozaji wetu. Nikamuuliza mdogo wangu wewe Mhehe wa wapi, akacheka cheka akasema "wa hapa hapa mjini". Sikutilia shaka.

Kalenga nitaipitia haraka maana ikinirudia nachemka. Tumesimama mbele ya fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndani ya lile jumba, kijana anamwambia shemeji kwamba fuvu lilirudishwa na Nyerere baada ya uhuru. Shemeji mpole sana yule, akauliza kwa heshima, mbona nilisoma ni 1954? Na ni kweli ni 1954! Ni gavana wa Kiingereza, Twining, ndiye aliyelirudisha kutoka Bremen, na deni lenyewe la kulirudisha liliandikwa kwenye mkataba wa Versailles 1919 baada ya Wajerumani kushindwa vita. Hii tumefundishwa shule ya msingi jamani. Mgiriki anamrekebisha "mwenyeji wa Iringa" habari za Mkwawa, Kalenga, nyumbani kwa Mkwawa mwenyewe. Dada aliangalia chini. Mimi nilitamani nitoke nje.

Isimila ndio kabisa, akatuambia zile nguzo za mchanga zilichongwa na watu wa kale. Zile ni maji ya mvua na mmomonyoko ndio vimezichonga kwa muda mrefu, cha watu wa kale pale ni yale mashoka ya mawe waliyoyachimbua watafiti kina Howell miaka ya 1957 na 1958. Nikimwangalia naona anachungulia simu chini ya kofia, na mtandao kule bondeni unakata, ukikata na yeye ananyamaza. Nikavumilia. Nikajisemea cha muhimu kesho, ulanzi, huko atakuwa anajua maana ndicho walichokiuza.

Kesho yake tukashika barabara ya Kilolo. Sehemu nzuri sana ile, milima ya kijani na mianzi imesimama mafungu mafungu kando ya mashamba, dada akaanza kupiga picha dirishani. Gari ikasimama kwenye kichaka kimoja cha mianzi karibu na nyumba ya bati, kijana akasema tumefika, shuka shuka. Nikamuuliza mgema yuko wapi? Akasema "leo nitawaonyesha mimi mwenyewe". Nikaangalia ile mianzi, hakuna chombo hata kimoja kilichofungwa, hakuna chipukizi, majani makavu chini yanalia tu ukikanyaga. Kijana akachukua panga la dereva, akasogelea mwanzi mmoja mnene uliokomaa, akaupiga pa! pa! mara tatu, ukapasuka ubavu ukalala kwa mwenzake. Halafu akasimama anauangalia ule mkato kama anasubiri kitu kitoke, na sisi watatu tumesimama nyuma yake na sisi tunausubiri. Haikutoka tone. Ndani pakavu peupe.

Ndipo akatoka bibi. Bibi wa miaka kama sabini na ushee, kanga mbili, mkononi ana kijiko cha ugali maana alikuwa jikoni, anakuja mbio huku anasema kwa sauti "mnanikatia ulanzi wangu, nani kawaruhusu, nani kawaruhusu!" Dada yangu akawahi akainama kidogo akasema shikamoo bibi, bibi akasita, akaitikia marahaba, halafu akamgeukia kijana, akamwambia kamwene.

Wakuu, yule kijana akajibu "poa bibi".

Mtu wa Kilimanjaro sawa. Mtu wa Dar sawa. Hata mimi Mnyakyusa ninayesema ughonile najua ukiambiwa kamwene unaitikia kamwene. Bibi akamwangalia kutoka juu mpaka chini akamuuliza we mtoto wa nani? Hapo ndipo akasema ukweli wote, mbele ya kila mtu, machozi yanamlenga. Ametoka Arusha, ana wiki tatu Iringa, bosi wake alimwambia ongea tu wageni hawajui kitu, na kwenye hicho kichaka wamewahi kuleta wageni mara mbili kabla, hawajawahi kupiga hodi kwenye ile nyumba. HAWAJAWAHI KUPIGA HODI. Shamba la mtu, linauzwa kwenye bango, mwenyewe yuko ndani anapika hana habari.

Nilimwomba bibi msamaha mpaka nikapiga magoti, na dada akapiga. Na bibi, Mungu amweke, akatukaribisha ndani. Akatupa viti, yeye akakaa kwenye kigoda, akamwambia shemeji (mimi natafsiri) kwamba ulanzi haugemwi ukubwani. Mwanzi ukishakomaa ni wa kujengea tu. Ulanzi unagemwa kwenye chipukizi, na chipukizi linatoka na mvua, mvua zikishashika vizuri ndipo machipukizi yanapanda, ukiona bado laini unakata kichwa chake, unalifunga mbeta, kile chombo cha kipande cha mwanzi, pale lidondoshee, halafu asubuhi na jioni unarudi unakata kapande kembamba sana, kembamba kama ganda la kitunguu, alionyesha kwa kidole gumba na kucha, ili jeraha lisikauke. Ukikata nene umelimaliza mapema. Asubuhi unachokuta ni kitamu, togwa hiyo hata mtoto anakunywa, ukiuacha unaanza kuchachuka wenyewe bila kuongezwa kitu, ukikaa zaidi ndio mkangafu, ulanzi mkali, na huo sio wa kuchezea. Mwezi wa tisa? Akashangaa kabisa. "Mwezi wa tisa kuna nini hapa, si jua tupu."

Akanyanyuka akachomoa mbeta moja iliyochomekwa juu ya mafiga, kipande cha mwanzi kimekuwa cheusi kwa moshi, mdomo wake umekatwa mshazari na umelainika kwa kushikwa miaka yote hiyo. Akasema hii aliikata marehemu mume wangu. Akampa shemeji aishike. Shemeji aliigeuza geuza akanusa ndani, akamwambia dada kitu kwa Kigiriki, na dada akaanza kulia. Nilipouliza akasema amesema "ni kama yule mzee".

Nusu saa ile kwa bibi ndiyo safari yote niliyoipata kwa 1,140,000, na haikutoka kwa kampuni. Chakula cha nyumbani kilichoahidiwa kilikuwa chipsi mayai kwenye mifuko, vimepoa. Nilimpa bibi 30,000 kwa ajili ya ule mwanzi akakataa, ikabidi dada amwekee chini ya kikombe.

Sasa malalamiko yangu, na naomba msome vizuri msije mkanijibu habari za yule kijana. Kijana namsamehe, ametumwa. Mwenye kosa ni aliyekaa ofisini akaandika "mwenyeji" akijua hana mwenyeji. Mwenyeji sio mtu unayemvalisha fulana yenye nembo. Mnachouza nyie ni mtu anayejua kichaka hiki cha nani, anayeweza kupiga hodi akafunguliwa, na mtu huyo yuko Kilolo, yuko Kalenga, wapo wengi tu na wanatafuta kazi, mngemlipa bibi 100,000 kwenye hiyo milioni yangu angewaelezea wageni kutwa nzima na mngebaki na faida. Hamkutaka. Mmechukua hela ya ulanzi wake na mmemwachia panga kwenye mwanzi wake.

Na lile la msimu ni wizi, sitafuti neno jingine. Ukiniambia mwezi wa tisa ulanzi hakuna njoo baada ya mvua, ningewapeleka wageni ufukwe wa Matema au ziwa Ngosi, tungefurahi, na mngeniweka kwenye orodha ya mwakani. Mkanijibu upo mwaka mzima. Hamkukosea, mlijua.

Niliporudi Mbeya nikapiga simu. Bosi akaniambia huduma ilitolewa, gari lilikuja, mwongozaji alikuja, sehemu zote mlifika. Nikamuuliza na ulanzi? Akasema "hali ya hewa, mkuu, hiyo iko nje ya uwezo wetu". Nikamwomba namba ya leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, wanayojisifia kwenye bango, akakata simu. Tangu hapo kimya, tiki mbili za bluu tu.

Ninachodai ni hiki. Nusu ya pesa, 570,000, maana nusu ya safari ilikuwa ulanzi na ulanzi haukuwepo. Pili waende kwa yule bibi, wapige hodi, wamwombe radhi na wamlipe kwa mara zote tatu walizoingiza wageni. Hili la pili ndilo ninalolitaka zaidi, ya kwangu wakinizungusha nitapambana nao, lakini bibi hana simu wala hajui hata wanaitwaje. Nawapa mpaka Ijumaa, baada ya hapo naweka jina lao, bango lao na meseji zote hapa hapa, na nakala napeleka kwa wanaohusika na leseni.

Mwenye uzoefu wa kudai pesa kwa watu wa namna hii anielekeze nianzie wapi, nianze polisi au ofisi ya utalii ya mkoa. Na kama kuna mtu humu ana ndugu huko njia ya Kilolo anayegema, tafadhali aje inbox. Dada ameshaomba likizo ya mwezi wa pili, na safari hii tunataka kufika asubuhi mapema kabla mbeta hazijashushwa, kwa bibi mwenyewe kama atatupokea, na tunahitaji mtu wa kwenda kumuuliza kwanza.